Mwongozo Kamili wa Kukuza Mwani Mdogo kwa Vihisi Vilivyounganishwa na Ujifunzaji wa Mashine

Mwani mdogo, yaani ule ambao seli zake hazionekani vizuri bila hadubini, hukua upesi kuliko mimea ya shambani, na kwa sababu hiyo hiyo huharibika upesi. Joto likipanda kupita kiasi kwa mchana mmoja, au kaboni ikiisha ndani ya maji bila mtu kutambua, chombo kilichokuwa na kijani kilichokolea kinaweza kupauka kabla mkuzaji hajapata nafasi ya kuuliza kuna nini. Vihisi vinavyosoma hali ya maji kila dakika na kutuma vipimo kwenye kompyuta humwezesha mkuzaji kuona mabadiliko hayo yanapoanza, na ujifunzaji wa mashine, yaani kuifunza programu ya kompyuta (modeli) kwa vipimo vilivyopita, humsaidia kukadiria yatakayofuata. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo kwa mpangilio ninaoamini ndio sahihi: biolojia kwanza, vipimo pili, kumbukumbu tatu, na modeli mwisho. Modeli haiwezi kuzidi ubora wa vipimo ilivyofunzwa navyo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kupima.

Hatua ya kwanza: Chagua mwani na ujue mipaka yake

Anayeanza namshauri achague Arthrospira platensis, inayojulikana zaidi kwa jina la spirulina. Kisayansi ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, lakini wakuzaji huihesabu pamoja na mwani. Inapenda maji yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 9 hadi 10.5, hali ambayo viumbe wengi wanaoshindana nayo hawaivumilii, na hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hadi 35 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 ukuaji wake hudorora sana, na juu ya nyuzi 40 huwa hatarini kufa. Maji ya virutubisho yanayotumiwa zaidi kwa ajili yake huitwa maji ya Zarrouk, ambayo katika kila lita yana gramu 16.8 za sodiamu baikabonati na gramu 2.5 za sodiamu nitrati, pamoja na fosfati, salfati, magnesiamu, chuma na madini mengine kwa viwango vidogo. Faida nyingine ni kwamba spirulina ina nyuzi ndefu zinazonaswa na kitambaa cha kuchujia, hivyo kuvuna hakuhitaji mashine.

Chlorella vulgaris ni tofauti. Inataka pH ya karibu 6.5 hadi 8 na joto la nyuzi 25 hadi 30, na hukuzwa vizuri kwenye maji ya virutubisho yaitwayo BG-11, yenye gramu 1.5 za sodiamu nitrati kwa lita. Seli zake zina upana wa maikromita chache tu, kwa hiyo hupita kwenye kitambaa, na pH hiyo ya wastani huwakaribisha viumbe wanaoila. Nenda kwake baada ya kupata uzoefu.

Chombo cha kuanzia kiwe kinachopitisha mwanga, cha lita 10 hadi 20, kikichanganywa kwa mapovu ya hewa kutoka kwenye pampu ndogo. Bwawa la mzunguko, ambalo kwa kawaida huwa na kina cha sentimita 15 hadi 30 na maji yanayosukumwa na gurudumu la makasia kwa kasi ya sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde, ni jambo la baadaye. Ukiweza, anza na vyombo viwili vinavyofanana kabisa. Chombo kimoja hukueleza kilichotokea, ilhali viwili, kimoja kikiachwa kama kilivyo na kingine kikibadilishwa jambo moja, hukueleza kwa nini kilitokea. Modeli yako itahitaji maarifa ya aina hiyo ya pili.

Hatua ya pili: Weka vihisi vinavyostahili

Joto ndilo kipimo rahisi na cha uhakika zaidi. Kihisi cha DS18B20 kilichofunikwa kwa chuma kisichopitisha maji kina usahihi wa nusu nyuzi kuanzia -10 hadi 85, na kadhaa vinaweza kuunganishwa kwenye waya mmoja wa data, ilimradi uweke kipingamizi cha kiloohmu 4.7 kati ya waya huo na waya wa umeme. Weka kimoja ndani ya maji na kingine hewani, kivulini.

Mwanga unahitaji uangalifu zaidi. Mwani hutumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700, na kipimo chake ni maikromoli za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde. Vihisi vya bei ndogo, kama BH1750, hupima lakisi, yaani mwanga kama jicho la mtu linavyouona. Kwa mwanga wa jua, lakisi 54 ni takriban maikromoli 1, lakini uwiano huo haufai kwa taa za LED za rangi nyekundu au bluu, kwani kila taa ina uwiano wake. Kama unatumia taa, azima kipimo halisi cha mwanga wa mimea mara moja, upate uwiano wa taa zako, kisha uutumie daima.

pH hupimwa kwa elektrodi ya kioo. Kwenye nyuzi 25, elektrodi nzima hutoa milivolti 59.16 kwa kila badiliko la pH moja, na ishara hiyo ni dhaifu kiasi kwamba huvurugwa na pampu, waya mrefu, au kihisi kingine kilichomo ndani ya maji hayo hayo. Ukiweka elektrodi ya pH pamoja na kihisi cha oksijeni au cha upitishaji umeme, tenganisha saketi zao kwa moduli za kutengea umeme, la sivyo pH itaruka kila kihisi kingine kinapowashwa. Elektrodi isiachwe ikauke, na ikitolewa ihifadhiwe kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu wa moli 3 kwa lita, si kwenye maji yaliyotoneshwa.

Kihisi cha nne, ambacho kwa maoni yangu ndicho roho ya mfumo, ni cha ufyonzaji wa mwanga, kwa sababu ndicho kinachokadiria wingi wa mwani wenyewe. Unaweza kukitengeneza kwa bomba jembamba linalopitisha mwanga, ambamo pampu ndogo hupitisha maji ya chombo, taa ya LED upande mmoja, na kihisi cha rangi upande wa pili. Kihisi cha AS7341 kinafaa kwa sababu kina chaneli za karibu na nanomita 630 na 680 pamoja na ya mwanga wa infraredi. Klorofili hufyonza karibu na 680, na fikosianini, ile rangi ya buluu ya spirulina, hufyonza karibu na 620. Mwanga wa infraredi haufyonzwi na rangi hizo, bali hutawanywa na seli zenyewe, hivyo hufuata wingi wa seli hata rangi inapopauka. Ukilinganisha chaneli hizo utaona upungufu wa nitrojeni mapema, kwa kuwa spirulina inaponyimwa nitrojeni huanza kuila fikosianini yake huku wingi wa seli ukiwa bado haujashuka. Taa nyeupe ya LED karibu haitoi infraredi kabisa, kwa hiyo ongeza LED ya pili ya infraredi na uziwashe kwa zamu.

Kila usomaji ufanywe mara mbili, taa ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kisha usomaji wa giza uondolewe kwenye ule wa mwanga, ili jua la dirishani lisiingie kwenye hesabu. Mapovu nayo hupotosha sana. Soma mara 50 mfululizo uchukue thamani ya katikati badala ya wastani, maana povu moja kubwa huharibu wastani lakini haliigusi thamani ya katikati.

Kihisi cha oksijeni iliyoyeyuka ni ghali lakini kina maana kubwa katika vyombo vilivyofungwa. Kwenye nyuzi 25, maji matamu yaliyo kwenye usawa wa hewa hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Mwani wenye mwanga mwingi unaweza kupita kiwango hicho mara kadhaa, na oksijeni nyingi kiasi hicho huzuia usanisinuru. Mwisho, weka kihisi cha kina cha maji, kwa sababu uvukizi huongeza ukolevu bila seli hata moja kuongezeka.

Hatua ya tatu: Sawazisha, na upime uzito mkavu kwa mkono

Elektrodi ya pH kwa ajili ya spirulina isawazishwe kwa miyeyusho ya pH 7 na 10, si 4 na 7, ili vipimo vyako viangukie karibu na alama ulizosawazisha. Andika mwinuko uliopatikana kila mara, yaani milivolti kwa kila badiliko la pH moja. Ukishuka chini ya asilimia 90 ya ule wa kinadharia, isafishe elektrodi, na usipopanda, ibadilishe. Mara moja kwa wiki inatosha kwa kuanzia.

Ufyonzaji wa mwanga hauna maana mpaka uunganishwe na uzito mkavu, na kazi hii haina njia ya mkato. Chukua chujio la nyuzi za kioo, likaushe kwenye nyuzi 105, liache lipoe kwenye chombo kisicho na unyevu, kisha ulipime uzito. Chuja kiasi kinachojulikana cha mwani, tuseme mililita 20, halafu suuza chumvi. Kwa spirulina suuza kwa maji yaliyotiwa asidi kidogo kufikia pH 4 hivi, kwa sababu kabonati zinazobaki kwenye chujio huonekana kwenye mizani kana kwamba ni mwani. Kausha tena mpaka uzito uache kubadilika, kisha toa uzito wa chujio. Rudia kila sampuli mara tatu.

Fanya hivyo kwa ukolevu mbalimbali, kuanzia mwani hafifu hadi mzito, na uchore uzito mkavu dhidi ya ufyonzaji. Mwanzoni utapata mstari ulionyooka, lakini mwani unapokuwa mzito mstari hupinda, kwa sababu mwanga hutawanywa mara nyingi kabla ya kufika kwenye kihisi. Fupisha njia ya mwanga kwa kutumia bomba jembamba zaidi, au tumia mlinganyo uliopinda, lakini usirefushe mstari ulionyooka kupita pale ulipokuwa na sampuli.

Hapa ndipo unapopata kasi ya ukuaji, ambayo ni logi asilia ya uzito wa mwisho ukigawanywa kwa uzito wa mwanzo, kisha yote ikagawanywa kwa muda. Mwani ukitoka gramu 0.50 kwa lita ukafika 0.62 kwa siku moja, kasi yake ni logi asilia ya 1.24, yaani 0.215 kwa siku, na muda wa kuongezeka maradufu ni 0.693 ukigawanya kwa 0.215, sawa na siku 3.2. Hesabu hiyo pia inakupa mahitaji ya kaboni. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mwani ni kaboni, hivyo kila kilo moja ya mwani hufunga takriban kilo 1.83 za kabonidayoksaidi. Chombo cha lita 10 kilichoongeza gramu 0.12 kwa lita kimetengeneza gramu 1.2 za mwani na kutumia takriban gramu 2.2 za gesi hiyo kwa siku, iwe imetoka kwenye mtungi au kwenye baikabonati iliyomo majini.

Hatua ya nne: Unganisha na uhifadhi data

Kidhibiti kidogo cha ESP32 kinatosha kwa chombo kimoja hadi vitatu. Usitumie kigeuzi chake cha ndani, kile kinachobadili volti kuwa namba, kwa pH, kwani si sahihi vya kutosha, na sehemu ya pini zake za kusomea hazifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Weka kigeuzi cha nje kama ADS1115 chenye biti 16. Vipimo vitumwe kwa itifaki ya MQTT, yaani kanuni za vifaa kutumiana ujumbe mfupi, kwenda kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya Mosquitto, ambayo hupokea ujumbe na kuugawa. Hapo viandikwe kwenye hifadhidata ya mfuatano wa wakati kama InfluxDB na kuonyeshwa kwenye dashibodi ya Grafana. Soma joto, pH na mwanga kila dakika moja, na ufyonzaji kila dakika 10.

Kuna mambo ambayo mtu huyapuuza kwa urahisi kisha yakamgharimu miezi ya data. Kila ujumbe ubebe wakati wa kusomwa, katika saa ya UTC (saa moja ya pamoja kwa dunia nzima), siyo wakati wa kufika kwenye seva. Mtandao ukikatika, kidhibiti kihifadhi vipimo na kuvituma baadaye. Hifadhi milivolti ghafi pamoja na pH iliyokokotolewa, ili ukigundua kwamba usawazishaji wa wiki iliyopita ulikuwa na kasoro uweze kukokotoa upya bila kupoteza kitu. Tena, kila tendo la mkono liingizwe kwenye hifadhidata hiyo hiyo: kuongeza maji, kuongeza nitrati, kuvuna, kusafisha kihisi, kuzima pampu. Modeli isiyojua kwamba ulivuna nusu ya chombo saa nne asubuhi itadhani kwamba nusu ya mwani imekufa.

Hatua ya tano: Weka udhibiti wa kanuni rahisi kwanza

Kabla ya modeli yoyote, chombo kiweze kujiendesha kwa kanuni zilizoandikwa ndani ya kidhibiti chenyewe. pH ikipanda juu ya kiwango ulichoweka, vali ya umeme ifunguke kwa sekunde chache ikaingiza kabonidayoksaidi, kisha isubiri dakika mbili au tatu ili maji yachanganyike kabla ya kupima tena. Joto likipita nyuzi 37, taa zipunguzwe au feni iwashwe. Vali iwe ya aina inayojifunga umeme ukikatika, na kuwe na kikomo cha jumla ya sekunde inazoweza kufunguka kwa saa, ili elektrodi iliyoharibika isije ikamimina mtungi mzima. Kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya karibu na sakafu. Chumba chenye mtungi lazima kiwe na hewa inayopita na king'ora chake cha gesi. Vifaa vilivyo karibu na maji vitumie volti 12, na umeme mkuu upite kwenye swichi ya kukata unapovuja.

Udhibiti huu una zawadi ndani yake. Mwani unapofyonza kaboni, pH hupanda, na vali ikiwa inairudisha chini, jumla ya sekunde ambazo vali imefunguka kwa siku inakuwa kipimo cha kaboni iliyotumika. Ni kipimo cha usanisinuru ambacho hukukinunua, na mara nyingi kitakuwa na manufaa kwa modeli kuliko pH yenyewe, ambayo kwa kudhibitiwa imekuwa karibu mstari ulionyooka.

Hatua ya sita: Jifunze kusoma siku moja, kisha usafishe data

Kabla ya kuandika programu, tazama grafu za siku kadhaa kwa macho. Katika chombo kisicho na udhibiti wa kabonidayoksaidi, pH huanza kupanda muda mfupi baada ya mwanga kuingia, hupanda kwa kasi zaidi asubuhi, kisha hulegea mchana ikiwa mwanga ni mkali mno au joto limezidi. Usiku hushuka, kwa sababu seli hupumua na kutoa kabonidayoksaidi. Mwinuko wa pH katika saa za kwanza za mwanga ndicho kielelezo kimoja kinachosema mengi zaidi kuhusu afya ya mwani. Ukipungua siku mbili mfululizo ilhali mwanga na joto ni vile vile, tafuta sababu, hata kama rangi bado inapendeza.

Usiku pia ndio unaofichua kihisi kinachodanganya. Gizani mwani haukui, bali hupoteza sehemu ya uzito wake kwa kupumua. Kwa hiyo ufyonzaji ukipanda usiku kucha, kilichoongezeka si mwani uliomo majini. Mara nyingi ni utando wa seli ulioganda kwenye kuta za bomba, na dalili yake ni kwamba grafu hupanda polepole usiku na mchana bila kubadilisha mwendo, kisha huporomoka ghafla unaposafisha bomba. Kama bomba ni safi, angalia kina cha maji, huenda ni uvukizi. Kama kina hakijabadilika, angalia kama pampu imepungua nguvu na mwani unaelea au kutulia mahali pamoja. Kanuni hii ndogo ya usiku iandikwe kwenye programu, itoe tahadhari yenyewe. Inafanya kazi ambayo watu wengi huipa modeli nzito ya kutambua kasoro, na inaifanya vizuri zaidi kwa kuwa imejengwa juu ya biolojia.

Usafishaji wenyewe ni wa kawaida: ondoa thamani zisizowezekana, weka alama kwenye vipindi vya usawazishaji, jaza mapengo ya dakika chache kwa kuunganisha nukta mbili, lakini mapengo ya saa nyingi yaache wazi. Usifute data mbaya, bali iwekee alama.

Hatua ya saba: Jenga modeli

Amua swali kabla ya kuchagua algoriti. Swali ninalolipendekeza kwa mara ya kwanza ni hili: kutokana na hali ya leo, mwani utakua kwa kasi gani katika saa 24 zijazo? Jibu lake linakuambia lini uvune na kiasi gani, na kila siku inayopita linaweza kusahihishwa kwa kipimo. Modeli ifunzwe kubashiri kasi ya ukuaji, siyo uzito wa kesho. Uzito wa kesho unafanana sana na wa leo, hivyo modeli isiyojua lolote itaonekana hodari.

Data ya kila dakika igeuzwe kuwa vielelezo vya siku: jumla ya mwanga uliopokelewa, wastani wa joto wakati wa mwanga, joto la juu kabisa, mwinuko wa pH wa asubuhi au sekunde za vali, ukolevu wa sasa, uwiano wa ufyonzaji wa 630 kwa infraredi, na siku zilizopita tangu nitrati iongezwe. Hapa kuna ukweli ambao lazima ukubalike. Vipimo vya kila dakika hutoa mistari 1,440 kwa siku, lakini siku ni moja tu. Miezi mitatu ya kazi inakupa takriban mifano 90 kwa kila chombo, na mifano 90 hailishi mtandao wa neva (modeli kubwa inayohitaji data nyingi) wenye tabaka nyingi. Itakaririwa tu. Anza na urejeleo wa mstari wenye adhabu, yaani mlinganyo wa mstari unaozuiwa usikariri data, kisha jaribu msitu wa miti ya maamuzi (modeli ya maswali mengi ya ndiyo au hapana) au mchakato wa Gausi (modeli inayokadiria kwa kufananisha na mifano iliyopita), vyote vikiwemo kwenye maktaba ya scikit-learn ya lugha ya Python. Mchakato wa Gausi naupenda kwa kazi hii kwa sababu kila ubashiri huja na upana wa shaka yake, na mkuzaji anahitaji kujua modeli inaposita.

Njia inayofanya vizuri zaidi pale data inapokuwa chache ni kuchanganya fizikia inayojulikana na ujifunzaji. Seli hutiana kivuli, kwa hiyo mwanga unaoufikia uso wa chombo sio unaoifikia seli ya wastani. Kwa kanuni ya Beer na Lambert, zidisha kiwango cha ufyonzaji cha mwani kwa ukolevu na kwa unene wa chombo, kisha wastani wa mwanga wa ndani ni (1 - e^(-tokeo)) ukigawanywa kwa tokeo. Tokeo likiwa 2, wastani wa mwanga ndani ni asilimia 43 ya ule wa nje. Ukolevu ukiongezeka maradufu, tokeo linakuwa 4, na wastani unashuka hadi asilimia 25. Mpe modeli wastani huo wa ndani badala ya mwanga wa nje, na itaacha kuhitaji mamia ya mifano ili kugundua jambo ambalo mlinganyo mmoja unalieleza. Unaweza kwenda mbele zaidi: andika mlinganyo wa ukuaji unaotegemea mwanga na joto, kisha ufunze modeli kubashiri tofauti tu kati ya mlinganyo huo na kilichopimwa.

Upimaji wa modeli ndipo udanganyifu usiokusudiwa huingia. Usigawe data kwa kuchanganya mistari ovyo kati ya mafunzo na majaribio, kwa sababu siku zilizofuatana zinafanana na modeli itakuwa imeona majibu. Tenga mizunguko mizima, tangu kupanda mbegu ya mwani hadi kuvuna, na uijaribu modeli kwenye mizunguko ambayo haikuiona kabisa, ikiwezekana ya baadaye kuliko ya mafunzo. Linganisha kosa lake na la ubashiri wa kivivu usemao kwamba kesho itakuwa kama leo. Modeli isiyoushinda ubashiri huo haijajifunza kitu cha kukusaidia, hata kama michoro yake inavutia.

Kumbuka pia kwamba modeli hujifunza tu kile kilichobadilika. Ukiwa umeshikilia joto la nyuzi 32 kwa miezi yote, haina namna ya kujua athari ya nyuzi 28, na msitu wa miti ya maamuzi hauwezi kabisa kubashiri nje ya masafa uliyoyaona. Panga mizunguko ya makusudi yenye joto, mwanga na ukolevu tofauti ndani ya mipaka salama. Hapo ndipo kile chombo cha pili kinapolipa gharama yake.

Hatua ya nane: Ipe modeli kazi kwa awamu

Awamu ya kwanza modeli itoe ushauri tu. Kila asubuhi ionyeshe kwenye dashibodi kasi inayotarajiwa, upana wa shaka, na kiasi cha kuvuna, huku mtu akiamua. Andika kila ubashiri pamoja na kilichotokea. Baada ya mizunguko kadhaa, kama makosa yanabaki ndani ya upana wa shaka uliotangazwa, nenda awamu ya pili, ambapo modeli hubadilisha yenyewe kiwango lengwa cha pH au cha mwanga, lakini ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye kidhibiti, ambayo modeli haina uwezo wa kuivuka. Kidhibiti kisipopata ujumbe kutoka kwa seva kwa dakika 10, kirudi kwenye kanuni zake za awali. Chombo kisitegemee intaneti ili kuishi.

Endelea kupima uzito mkavu angalau mara moja kwa wiki. Elektrodi huzeeka, taa za LED hufifia, aina ya mwani nayo hubadilika kidogo kidogo, na bila kipimo cha mkono hutajua ni kipi kati ya hivyo kimehama. Kosa la modeli likianza kuelemea upande mmoja kwa wiki mbili, kagua vihisi kwanza kabla ya kuifunza upya. Kuifunza modeli kwa data ya kihisi kilichochafuka ni kuifundisha uchafu huo.

Hadubini nayo isiwekwe kando. Tazama tone la mwani mara mbili kwa wiki na upige picha kwa ukuzaji ule ule na mwanga ule ule. Picha mia kadhaa zilizowekewa alama zinaweza kufunza mtandao wa kutambua picha, ukianzia kwenye mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida, utofautishe nyuzi nzima za spirulina na zilizokatika, au uwaone rotifa, wanyama wadogo sana wa majini wanaokula mwani, kwenye Chlorella kabla hawajaongezeka. Rotifa wanaweza kumaliza chombo kwa siku chache, na pH huonyesha kasoro wakiwa tayari wengi.

Ikiwa mwani huo utaliwa na watu au mifugo, hakuna kihisi kati ya vilivyotajwa humu kinachoona sumu za mikrosistini kutoka kwa sianobakteria wengine walioingia, wala metali nzito, wala bakteria wa magonjwa. Vipimo hivyo hufanywa na maabara, kwa kila mavuno yanayotoka nje ya mikono yako, na namba ya mavuno hayo iandikwe kwenye hifadhidata ile ile yenye joto, pH na ufyonzaji wake, ili majibu ya maabara yakija na dosari uweze kurudi kwenye siku na saa husika.